Gemu la kugawia washikaji lilipiwe ushuru wa nini?

Chalii wa Arusha akimaliza gemu lake la kwanza la simu, mtu wa kwanza kuonyeshwa humuuliza, "Lipo Play Store?" Akijibu halipo, hamu ya muulizaji inashuka palepale, utadhani gemu lisilokuwa dukani bado halijazaliwa. Basi chalii anaanza kutafuta kadi ya kulipia dola, anapiga picha kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma, anajaza fomu, anasubiri barua pepe. Kazi iliyokuwa burudani ya jioni inageuka kuwa kufuatilia faili ofisini, tena ofisi isiyo na mlango wa kugonga wala mhudumu wa kumbembeleza.

Nionavyo mimi, anahangaikia kitu asichokihitaji. Ninamzungumzia mtu wa aina maalumu. Hauzi gemu lake, haliwekei matangazo, ametengeneza kwa kupenda tu, na wachezaji anaowataka ni watu anaowafahamu: darasa lake pale Chuo cha Ufundi, vijana wa kwaya, wadogo zake, binamu walioko Moshi. Tuseme ametengeneza gemu la konda. Noah inatoka Kilombero kwenda Usa River, abiria wanapanda na kushuka Sanawari, Philips, Tengeru, na mchezaji anatakiwa kurudisha chenji sahihi kabla abiria hajaanza kufoka. Gemu kama hilo linachekesha watu wa hapa, na mtu wa Toronto hatalielewa hata ukimlipa. Duka lenye wateja duniani kote litamsaidia nini?

Tuziangalie ada zenyewe. Google inatoza dola 25, mara moja tu, ukitaka kuweka programu Play Store. Apple inatoza dola 99 kila mwaka. Kwa shilingi zetu, ya kwanza ni elfu sitini na ushee, na ya pili ni karibu robo milioni ambayo mwakani itadaiwa tena. Ukiacha kulipa Apple, gemu lako linaondolewa dukani, hata kama halijakosea chochote na watu bado wanalitaka.

Mama akishusha ndizi soko la Kilombero analipa ushuru, na ni haki alipe, maana anapata pa kupanga, anapata wateja wanaopita, na uchafu wake unazolewa. Ndizi hizohizo akizipeleka kwa shemeji yake Sakina, hakuna mtoza ushuru atakayemsimamisha njiani. Ada ya mtengenezaji ni ushuru wa aina hiyo. Inalipia ukaguzi, utafutaji, seva za kupakulia, mfumo wa malipo na jina la duka ambalo watu wameshaliamini. Sina ugomvi nayo kwa mwenye kuuza. Ugomvi wangu ni pale mtoza ushuru anapohamia barabarani na kumsimamisha kila mwenye mkungu kichwani, na huko ndiko kampuni hizi mbili zinakoelekea, moja ikiwa imeshafika kitambo.

Nisieleweke vibaya kuhusu zile dola 25. Wapo wanaozipigia kelele kama ukoloni mamboleo, na hapo nadhani wanazidisha chumvi. Kijana aliyenunua bando la mwezi na kompyuta ya mtumba anaweza kuzipata akijibana. Mzigo mkubwa wa Play Store hauko kwenye ada. Akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 hairuhusiwi kutoa programu kwa umma mpaka ijaribiwe na watu kadhaa kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa watu 20, na Desemba 2024 Google ikapunguza hadi 12. Jaribu kuwaomba watu 12 wa mtaani kwako wajiunge na majaribio kwa barua pepe zao za Gmail, wasijitoe kwa wiki mbili, halafu uone wangapi wanakumbuka neno la siri la hiyo Gmail waliyofunguliwa na fundi simu siku waliponunua simu. Jina lako halali na nchi yako vinawekwa hadharani kwenye ukurasa wa gemu, na ukianza kuingiza pesa anwani yako kamili nayo inatoka. Kisha kila mwaka Google inapandisha kiwango cha toleo la Android ambalo programu lazima ilenge. Gemu uliloacha kuligusa kwa sababu limekamilika linaanza kufichwa kwa wenye simu mpya, na akaunti iliyolala muda mrefu inaweza kufungwa kabisa. Duka limejengwa kwa ajili ya mtu mwenye biashara endelevu. Mpenda magemu hutengeneza kitu mwezi wa sita wakati wa likizo, akarudi kwenye masomo, na akakaa mwaka mzima bila kukigusa. Wala hajakosea, ndivyo burudani ilivyo.

Kuna wanaokwepa haya yote kwa kuazimana akaunti. Mmoja amelipa, rafiki zake watano wanapitishia magemu yao kwake. Ninaielewa roho hiyo, sisi ni watu wa kuchangiana, lakini hapa kuchangiana kunaponza. Gemu moja likivunja kanuni, kwa mfano mmoja wao akatumia nembo ya timu au wimbo wa mtu bila ruhusa, akaunti nzima inaweza kufungwa na magemu ya wote yakaondoka nayo. Zaidi ya hapo, Google ina kawaida ya kufunga na akaunti nyingine inazoona zinahusiana na ile iliyofungwa. Aliyekusaidia anaweza kujikuta hana mbele wala nyuma kwa kosa ambalo hata hakulijua.

Sasa njia yenyewe. Wakubwa kidogo humu watakumbuka zile Nokia za Java, gemu likiwa faili dogo linalorushwa kwa Bluetooth darasani mwalimu akigeukia ubao, au unampa fundi memori kadi yako na mia tano akuingizie nyimbo na magemu kwa pamoja. Hakuna aliyemuuliza mtengenezaji kama amelipia ada ya mwaka. Android imerithi tabia hiyo. Programu yake ni faili moja, APK, ambayo unaweza kuirusha kwa Xender au Quick Share bila kutumia hata kilobaiti moja ya bando, ukaituma WhatsApp kama hati, au ukaiacha kwenye memori kadi. Kwa mji ambao watu wengi wana Tecno, itel na Infinix, hii ni njia inayowafikia karibu wote.

Ina masharti yake, na yote ni ya kiufundi, hayana risiti. APK haiingii kwenye simu bila kusainiwa, lakini ufunguo wa kusainia unautengeneza mwenyewe kwenye kompyuta yako, bure. Ufunguo huo ndio unaoijulisha simu kwamba toleo la pili limetoka kwa mtu yuleyule aliyetoa la kwanza. Ukiupoteza, tuseme diski imekufa au kompyuta imeibwa, toleo jipya litakataliwa na kila mchezaji itabidi alifute la zamani kwanza, na alama zake zote ziende na maji. Uhifadhi mahali pawili. Halafu kumbuka simu za bei ya chini: nyingi zinaendesha Android ya biti 32 hata kama kichakataji chake kingeweza zaidi, kwa hiyo ukitengeneza APK ya biti 64 peke yake utasikia "imegoma kuingia" kutoka kwa walewale uliowatengenezea. Injini, yaani programu ya kutengenezea magemu, kama Godot inakuruhusu kuchagua zote mbili kwa kuweka alama ya tiki tu. Godot yenyewe ni bure kabisa na msimbo wake uko wazi tangu 2014, na ina hata toleo la kufanyia kazi kwenye simu au tableti ya Android kwa asiye na kompyuta. Walioona kilichotokea kwa Unity, injini nyingine, iliyotangaza Septemba 2023 kwamba itatoza kila mara gemu linapoingizwa kwenye kifaa kisha ikaifuta ada hiyo mwaka mmoja baadaye, hawahitaji kuhubiriwa faida ya kitu kisicho na mwenye duka.

Tatizo la APK ni imani, na hapa siungi mkono wanaolichukulia kama kisingizio cha makampuni. Simu inapomwonya shangazi yako kwamba faili hili limetoka chanzo kisichojulikana, onyo hilo ni la kweli. Tanzania tumeumizwa na programu za simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na kibali, baada ya watu kusumbuliwa vya kutosha na wakopeshaji wanaochota namba zote kwenye simu ya mkopaji na kuwatumia ndugu, mabosi na wachungaji ujumbe wa kumdhalilisha. Mtu aliyepitia hayo, au aliyemwona jirani akipitia, ana kila sababu ya kukataa APK ya mtoto wa shule, hata kama mtoto huyo anaishi nyumba ya tatu. Kumwambia "zima ulinzi, ruhusu, endelea" ni kumfundisha tabia ambayo tapeli wa kesho ataifurahia. Kwa hiyo APK ninaiona inafaa pale tu mtu na mtu wanapoonana: unampa mkononi, unamwonyesha gemu haliombi ruhusa ya namba wala kamera wala mahali alipo, mnacheza wote raundi moja. Ikianza kusambazwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi lingine bila wewe kuwepo, anayeipokea anauziwa mbuzi kwenye gunia. Hata wewe huna uhakika kama kinachozunguka bado ni faili lako, maana mwenye nia mbaya anaweza kulifungua, akapachika vyake, akalisaini upya na kulirusha kwa jina lilelile.

Ndiyo maana ningemshauri chalii wangu aanze na kivinjari. Gemu linaandikwa kwa HTML na JavaScript, linawekwa kwenye seva, na mchezaji anapewa linki. Anagusa, anacheza. Hakuna kuruhusu chanzo kisichojulikana, kwa kuwa kivinjari kinaliwekea gemu uzio: haliwezi kusoma namba za simu wala ujumbe wa mtu. Lile suala la imani lililotutesa kwenye APK linapungua sana, na halijapungua kwa sababu mtu amelipa, ila kwa sababu gemu halina mamlaka ya kudhuru. Shangazi anaifungua linki kama anavyofungua habari. Mwenye iPhone naye anaingia, bila mjadala.

Wanaodhani gemu la kwenye kivinjari ni la daraja la pili waitazame Wordle, gemu la kukisia neno. Josh Wardle aliitengeneza kwa ajili yake na mwenzi wake, akaiweka kwenye ukurasa wa tovuti Oktoba 2021, bila programu ya dukani, bila matangazo, bila kuomba barua pepe ya mtu. Tarehe 1 Novemba mwaka huo walicheza watu 90. Tarehe 2 Januari 2022 walikuwa zaidi ya 300,000, na mwezi huo haujaisha New York Times ikainunua. Simwahidi mtu wa Ngarenaro bahati ya namna hiyo, na aliyeanza kutengeneza kwa tamaa hiyo ameshatoka kwenye kundi ninaloliandikia. Kinachonivutia ni kwamba wale 90 wa mwanzo walifikiwa kwa linki tu, na linki hiyohiyo ikawatosha laki tatu.

Mahali pa kuliweka gemu hapana gharama. GitHub Pages inahifadhi kurasa bure hadi gigabaiti moja, sharti kwenye akaunti ya bure ni msimbo wako uwe wazi kwa wote, jambo ambalo kwa mpenda magemu mara nyingi ni faida, maana mwingine atajifunza kwako. Itch.io, iliyoanza 2013, inakubali magemu ya kivinjari na APK pia bila ada ya kuingia. Ukiamua kuuza, wewe mwenyewe unachagua wakate asilimia ngapi, hata sifuri. Ukurasa wako pale unakuwa na picha, maelezo na sehemu ya maoni, kwa hiyo hata anayetaka kitu chenye sura ya duka anakipata.

Gharama inayobaki inamwangukia mchezaji, nayo ni bando. Hapa watengenezaji wengi hujisahau. Injini kubwa ikitoa gemu la kivinjari hubeba mwili wake wote pamoja nalo. Godot 4 hupakua megabaiti kadhaa kabla hata konda hajatokea kwenye kioo, na kwa mtu aliyejiunga kifurushi cha siku, megabaiti hizo anazihesabu. Gemu la chenji halihitaji injini hiyo. Tangu 2012 kuna shindano la kila mwaka linaloitwa js13kGames, ambalo gemu zima, picha, sauti na msimbo, lazima liingie kwenye kilobaiti 13 likiwa limebanwa. Hiyo ni ndogo kuliko picha moja ya "habari za asubuhi" inayozunguka kwenye kundi la familia. Washiriki wametoa magemu ya mbio, ya mapigano, hata ya 3D, ndani ya kipimo hicho. Sisemi kila mtu ajibane hivyo, ila anayelenga simu za Ngarenaro na Majengo ya Moshi angejiwekea mpaka wa megabaiti moja na kuona jinsi unavyomlazimisha kufikiri.

Na usidhani kivinjari kinahitaji mtandao kila mara. Ukiongeza faili dogo la maelezo na hati inayohifadhi kurasa ndani ya simu, mchezaji anaweza kuliweka gemu kwenye skrini ya mwanzo, likawa na ikoni yake, likafunguka kioo kizima, na likacheza hata bando likiisha katikati ya njia ya KIA. Kwenye iPhone kuna mtego wa kuufahamu. Tangu Machi 2020 Safari hufuta data ambayo ukurasa umeihifadhi ikiwa mtu ametumia kivinjari siku saba bila kuugusa ukurasa huo, kwa hiyo alama za mchezaji zinaweza kutoweka. Gemu lililowekwa kwenye skrini ya mwanzo haliguswi na kanuni hiyo. Waambie wachezaji wako mapema, kwa sentensi moja, ndani ya gemu lenyewe.

Kuhusu iPhone, nitakuwa mkali kidogo. Mwaka 2007, kabla ya kuwepo duka lolote, Steve Jobs aliwaambia watengenezaji kwamba njia ya kuwekea iPhone programu ni kurasa za tovuti. Duka likafunguliwa Julai 2008, na tangu hapo mlango wa pembeni umekuwa ukifungwa taratibu. Leo asiyelipa dola 99 anaruhusiwa kuweka gemu lake kwenye simu yake mwenyewe, ikiwa ana Mac, na gemu hilo linakufa baada ya siku saba mpaka aliingize upya. Fikiria umetengeneza kitu kwa mikono yako, kiko ndani ya simu uliyoinunua kwa pesa yako, na Jumatatu ijayo kimegoma kufunguka. TestFlight, ile njia ya kuwapa watu wa majaribio, inafikia watu 10,000, lakini ni ya waliolipa tu na kila toleo lina siku 90. Ulaya wamepata nafuu kwa nguvu ya sheria: baada ya Sheria ya Masoko ya Kidijitali, Apple ililazimika mwaka 2024 kukubali maduka mengine kwenye iPhone za huko, na AltStore likawa mojawapo ya yaliyoingia mapema. Nafuu hiyo haivuki bahari kuja huku. Mwaka huohuo, mwezi wa pili, Apple ilitaka hata kuwaondolea Wazungu hao uwezo wa kuweka programu za tovuti kwenye skrini ya mwanzo, ikarudi nyuma tarehe 1 Machi baada ya kelele. Nalikumbusha tukio hilo kwa sababu linki ninayoisifia hapa nayo ina mwenye uwezo wa kuibana.

Kwa mwenye gemu la kugawia washikaji, kulipa dola 99 kila mwaka ili wenye iPhone wachache wa mtaani wapate ikoni nzuri zaidi ni hasara ya wazi. Wapewe linki kama wengine.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni Android, kwa kuwa ndiyo simu ya watu wetu. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba programu itakayoingizwa kwenye simu yoyote yenye kibali cha Google, hata ikitoka nje ya Play Store, lazima iwe ya mtengenezaji aliyethibitishwa utambulisho wake. Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand zilipangwa kuanza Septemba 2026, na nchi nyingine kufuata kuanzia 2027. Sababu waliyoitoa ni kwamba uchunguzi wao ulikuta programu haribifu zinazotoka kwenye vyanzo vya intaneti ni zaidi ya mara 50 ya zile za Play Store. Nimeshasema siipuuzi hoja ya usalama. Lakini utambulisho haupimi madhara. Mkopeshaji wa kihuni anaweza kuwa na kitambulisho safi, ofisi na wakili. Kilichomwezesha kuchota namba za watu ni ruhusa ambazo mfumo wa simu ulikubali kumpa. Ruhusa hizo ndizo za kubana, na Google inaweza kuzibana bila kuuliza jina la chalii wa gemu la konda.

F-Droid, inayosambaza programu za msimbo huria tangu 2010, ilisema waziwazi kwamba mpango huo ungeiua ukipita ulivyo. Baada ya malalamiko Google ililegeza kidogo. Iliahidi akaunti ya bure kwa wanafunzi na wapenda hobi, isiyodai kitambulisho cha serikali, lakini yenye kikomo cha vifaa vinavyoweza kupokea programu, na Novemba 2025 ikaongeza kwamba itawawekea watumiaji wazoefu njia ya kukubali hatari wao wenyewe. Kuingiza programu kwa kebo kutoka kwenye kompyuta nako kunabaki. Ni hatua za kupokelewa, ila zisomeni vizuri: aliyekuwa akirusha faili kwa jirani bila kumwambia mtu sasa anafungua akaunti kwa kampuni ya Marekani, anasajili jina la gemu na ufunguo wake, na kampuni hiyo inahesabu majirani aliowapa.

Wanaonijibu kwamba "mwenye nia safi hana cha kuficha" wanasahau umri wa watu tunaowazungumzia. Wengi wanaoanza magemu wako sekondari. Mwenye miaka 15 hana NIDA, na kadi ya benki hana hata ya kuazima. Mpaka leo mtoto huyo anaweza kutengeneza APK chumbani kwa kaka yake na kuipeleka shuleni Jumatatu. Hicho ndicho kitu ambacho Play Store haikuwahi kumpa na ambacho Android, pamoja na kasoro zake zote, ilimpa.

Lipo kundi linalopaswa kulipa, nalo si dogo. Ukitaka mtu usiyemjua akukute kwa kutafuta, ukitaka kuuza ndani ya gemu, ukitaka gemu liwe sehemu ya CV ya kuombea kazi, lipa hizo dola 25 na uvumilie wale watu 12 na siku zao 14. Kwa mtu huyo ni bei nafuu. Anza hata hivyo na linki, kwa kuwa wachezaji utakaowapata kupitia linki ndio utakaowaomba kuwa wajaribu wako.

Na kwa kuwa 2027 haiko mbali, TCRA na Tume ya Ushindani wana la kuiuliza Google kabla mpango haujafika kwetu: hiyo akaunti ya wanafunzi itapatikana Tanzania siku ileile kanuni itakapoanza, au itakuja baadaye? Kikomo cha vifaa kitatosha darasa moja la sekondari ya kata, ambalo si ajabu kuwa na wanafunzi zaidi ya 50? Mtoto asiye na NIDA atasajiliwa kwa jina la nani, na mzazi atakayejitolea jina lake atabeba lawama gani gemu likinakiliwa na mhuni? Majibu hayo yapatikane kwa maandishi, kwa Kiswahili, wakati bado APK ya chumbani kwa kaka inaingia kwenye simu ya rafiki bila kuomba ruhusa California.